Padre Vincent Donovan: Aliyemsoma Paulo Loliondo



Sisi tuliokulia upande wa Karatu, farasi wa kwanza tuliyemwona alikuwa wa kuchorwa. Alikuwa katika picha ya mafundisho ya dini: Sauli wa Tarso ameanguka chali njiani kuelekea Damasko, mwanga unampiga usoni, na farasi mkubwa amesimama karibu kumkanyaga. Kwetu mnyama wa mizigo alikuwa punda. Ndiye aliyeleta maji kutoka bondeni na kupeleka mahindi mashineni. Kwa hiyo farasi yule alitukaa akilini kuliko hata Sauli mwenyewe, na katekista akituuliza Paulo aliongokaje, jibu letu lilianza na farasi.

Miaka mingi baadaye, tukiwa seminarini, tulitakiwa kufungua Matendo ya Mitume na kumtafuta farasi huyo. Tukasoma sura ya 9, tukasoma ya 22, tukamalizia na ya 26, maana habari ile imesimuliwa mara tatu. Hayumo. Sauli alianguka chini, na wenzake wakamshika mkono wakamwongoza mpaka mjini. Farasi aliletwa na wachoraji wa Ulaya. Caravaggio, ambaye picha yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1600 iko Roma katika kanisa la Santa Maria del Popolo, alimpa mnyama sehemu kubwa ya picha na mtume akamlaza chini.

Tumemkumbuka farasi huyo kwa sababu ya padre tunayetaka kumsimulia leo. Padre Vincent Donovan alimsoma Paulo akiwa huko juu Loliondo, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, akagundua kwamba mambo mengi tunayofanya kwa jina la mtume tumeyaongeza sisi wenyewe. Tofauti yake na sisi ni kwamba alipogundua hilo alibadilisha maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapewa daraja ya upadre mwaka 1953, na katikati ya miaka hiyo ya 1950 akafika Tanganyika. Alikuta njia imeshachongwa na ndugu zake wa shirika. Walikuwa wametua Zanzibar mwaka 1863, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakawa tayari Kilema, Kilimanjaro. Pale Bagamoyo njia yao ilikuwa kuwakomboa watumwa kwa fedha, kuwalea na kuwajengea kijiji cha Kikristo. Biashara ya watumwa ilipokwisha, shule ikachukua nafasi. Mwaka 1928 mjumbe wa Baba Mtakatifu katika makoloni ya Waingereza, Askofu Arthur Hinsley, alikutana na viongozi wa misioni Dar es Salaam na kuwaeleza waziwazi kwamba mahali ambapo hawawezi kubeba yote mawili, bora jengo la kanisa lingoje lakini shule isimame. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ni matunda ya uamuzi huo. Babu alikwenda kujifunza kusoma, akarudi nyumbani na jina la ubatizo.

Kwa Wachaga na kwa Wairaqw wa Mbulu na Karatu shule ilizaa Wakristo. Kwa Wamasai haikuzaa. Mtoto wa kiume alikuwa na ng'ombe wa kuchunga na rika la kuingia, na mzee hakuona faida ya kumtoa kwenye hayo ili akakae darasani. Aliyepelekwa shule, mara nyingi kwa kulazimishwa, alibatizwa akiwa mwanafunzi, na akirudi bomani ubatizo ulibaki shuleni pamoja na sare.

Loliondo ambayo Donovan aliikuta ilikuwa misioni ya kujivunia. Ilikuwa na shule nne, ilikuwa na hospitali iliyojengwa vizuri pale Wasso, na ilikuwa na gari ambalo padre alilitumia kubeba wagonjwa. Nchi nayo ilikuwa imegawanywa upya: mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi mbugani wakahamia upande huu wa nyanda za juu. Padre alikaribishwa katika maboma, akapewa maziwa, akawa rafiki wa wazee. Mwezi Mei 1966 aliketi akamwandikia askofu wake, Mhashamu Dennis Durning, askofu wa kwanza wa Arusha, barua ya hesabu. Aliorodhesha shule, hospitali, safari na urafiki, kisha akaandika mavuno. Hakuwapo hata Mmasai mmoja mtu mzima anayeishi imani ya Kikatoliki. Hata mtoto mmoja aliyemaliza shule ya misioni akaendelea kusali hakumpata. Na mbaya zaidi, alikiri kwamba katika ziara zote hizo, yeye na wenzake walikuwa karibu hawajawahi kuzungumza na Wamasai habari za Mungu. Kila mara ilionekana bado mapema, wacha kwanza wazoee.

Aliomba ruhusa ya kuachana na shule na hospitali, akaenda mabomani mikono mitupu kuzungumza na watu wazima juu ya Mungu, basi. Askofu Durning akamruhusu. Tunadhani askofu huyo hatajwi vya kutosha. Ni rahisi kumsifu padre aliyeomba, lakini aliyetia sahihi ndiye ambaye angeulizwa kama mambo yangeharibika.

Hapa hatuna budi kumleta mtu mwingine, maana bila yeye habari haikamiliki. Donovan mwenyewe ameandika kwamba ana deni kwa kitabu cha kasisi mmoja Mwanglikana, Roland Allen, kilichotoka mwaka 1912 kikiuliza swali moja: njia zetu za kimisioni ni za Mtakatifu Paulo au ni zetu?

Allen alizaliwa Uingereza mwaka 1868, akafiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akasoma Oxford na mwaka 1895 akapelekwa China. Mwaka 1900 Wachina waliochoshwa na wageni waliinuka, na Allen akawa miongoni mwa waliozingirwa katika mtaa wa mabalozi mjini Beijing kwa siku 55. Chakula kilipopungua walichinja farasi na baghala wao wakala. (Farasi tena, lakini hawa walikuwapo kweli.) Alitoka humo na swali ambalo halikumwacha: baada ya miaka yote ya misioni, mbona Ukristo bado ulionekana kuwa mali ya wageni? Alirudi China, akaugua, akapewa parokia kwao Uingereza mwaka 1904. Huko palikuwa na desturi kwamba kila mzazi wa parokia akileta mtoto, abatizwe, hata kama mzazi mwenyewe hana habari na Mungu. Allen alikataa, na mwaka 1907 akajiuzulu. Sisi tunaowajua wazazi wanaotafuta msimamizi wa ubatizo asubuhi ile ile ya Misa, jambo hilo si geni kwetu.

Katika kitabu chake Allen alihesabu miaka. Kwa muda wa miaka kumi na kitu Paulo aliacha makanisa yaliyosimama katika Galatia, Makedonia, Akaya na Asia. Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu, Efeso kama miaka mitatu, na kwingine miezi tu. Hakuleta fedha kutoka Antiokia za kujenga, bali alihubiri, akabatiza, akawawekea wazee, akawaachia Maandiko na sakramenti, akaondoka kwa sababu alimwamini Roho Mtakatifu. Sisi, alisema Allen, tunakaa miaka hamsini na bado tunaona watu hawajawa tayari.

Hakusikilizwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alihamia Kenya, na uzeeni akajifunza Kiswahili vizuri kiasi cha kutafsiri tenzi za pwani kwa Kiingereza, Al-Inkishafi ikiwa mojawapo. Mwanawe, J. W. T. Allen, ndiye yule aliyekusanya miswada ya tenzi ambayo sehemu yake imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzee alikuwa akiwaambia jamaa zake kwamba vitabu vyake vitaeleweka baada ya yeye kufa. Alifariki Nairobi mwezi Juni 1947. Mwaka 1962 kitabu kile kilichapwa upya Marekani, na kwa njia hiyo maneno ya Mwanglikana aliyelala Nairobi yakamfikia padre Mkatoliki Loliondo.

Turudi mabomani. Mzee wa kwanza aliyeelezwa kwamba padre sasa anataka kuzungumza juu ya Mungu peke yake alishangaa, naye akauliza: ikiwa hilo ndilo lililowaleta huku, mbona mmekaa miaka yote hii bila kulisema? Tumelisoma swali hilo mara nyingi na bado linatuchoma. Lingeweza kuulizwa katika nyumba yoyote ya jumuiya ndogo ndogo tunakokwenda kukusanya michango.

Padre akapanga siku, kila jumuiya na siku yake katika juma, akazunguka hivyo kwa mwaka mzima. Hakuanza na Kanisa wala amri. Aliuliza kwanza wao wanamjuaje Mungu, wanayemwita Engai. Wakamweleza habari za Mungu anayewapenda Wamasai na kuwapa ng'ombe na mvua. Naye akawasimulia habari za Ibrahimu, mfugaji kama wao, aliyeitwa aache nchi yake na mungu wa kabila lake amfuate Mungu wa mataifa yote. Wazee wakanyamaza. Kisha mmoja akamgeuzia swali: je, kabila lako wewe mmekwisha kumpata huyo Mungu Mkuu? Donovan alikuwa karibu kujibu ndiyo. Akakumbuka jinsi mataifa ya Wakristo, lake likiwamo, yalivyomwomba Mungu abariki silaha zao na kushinda vita vyao, akaona kwamba wazungu nao wana mungu wa kabila. Akajibu kwamba hapana, hawajampata bado, na akaomba wamtafute pamoja.

Mwaka ulipokwisha katika boma la mzee Ndangoya, padre alikuja kuchagua wa kubatizwa. Alifanya kama tunavyofanya sote na daftari la mahudhurio. Huyu amekosa vipindi vingi akichunga ng'ombe, yule hakuelewa vizuri, huyu hana juhudi. Ndangoya akamzuia. Akamweleza kwamba wamejifunza pamoja kama watu wamoja. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi, na yeye tangu siku ya kwanza alikuwa akisema kwa niaba ya wote. Sasa wote wanaamini, na yeye anasema hivyo. Padre akatazama, akaona ameshindwa kwa hoja, akawabatiza wote. Kanisa lenyewe wao waliliita kwa neno lao la rika, wakaliongezea utakatifu. Hakuna tafsiri ya kitabuni ambayo ingeweza kulipata neno hilo.

Si kila boma lilikubali. Kuna jumuiya moja iliyosikiliza mwaka mzima kama nyingine, na mwisho ikasema hapana. Wameelewa, wameheshimu, lakini hawataki. Donovan aliumia. Hata hivyo alitambua kwamba habari njema isiyoweza kukataliwa si habari njema, akawaaga na kuendelea na safari.

Adhimisho la Misa nalo lilichukua sura. Katika desturi ya Wamasai wanaume wazima hawali mbele ya wanawake, na hapa palikuwa na mkate mmoja na kikombe kimoja kwa wote. Wakala pamoja. Padre anaeleza jinsi wasichana walivyomwambia kwamba kwao, kwa sababu ya jambo hilo hasa, habari hiyo ilikuwa njema kweli. Kabla ya hapo mshikano wa majani mabichi ulipitishwa mkono kwa mkono, maana majani ni uhai wa ng'ombe na ni alama ya amani. Mahali ambapo mtu au familia ilikataa kuyapokea kwa sababu ya ugomvi, Misa haikuendelea siku hiyo. Tujiulize ni Jumapili ngapi Misa zetu zingeendelea kwa sharti hilo, tukianza na walimu na mafrateri wa seminari.

Lakini kisa kinachojulikana zaidi ni cha simba. Kwa neno imani Donovan alikuwa akitumia neno la Kimasai lenye maana ya kukubali jambo. Mzee mmoja alimweleza kwamba neno hilo halitoshi. Kukubali tu ni kama mwindaji wa Kizungu anayempiga mnyama risasi akiwa mbali, kinachofanya kazi ni jicho na kidole. Anayeamini kweli ni kama simba anayemwendea mnyama: pua, macho na masikio humtambua, miguu humpa mbio, mwili wote huruka, na mwisho humkumbatia kwa miguu ya mbele na kumfanya sehemu ya nafsi yake. Padre alidhani somo limekwisha. Mzee akaendelea. Akamkumbusha kwamba wao hawakumwita, ni yeye aliyewafuata mpaka maporini. Aliwafundisha kumtafuta Mungu Mkuu, lakini wao hawakumtafuta, Yeye ndiye aliyewatafuta akawapata. Siku zote tunadhani simba ni sisi, kumbe simba ni Mungu.

Mzee huyo alikuwa mtu wa nchi hii hii, ambako mtoto anajua simba anavyoinama majanini. Tungependa kumsikia katika somo la teolojia ya neema kabla ya waandishi wengine.

Wakati huohuo dunia ya nje ilikuwa ikibadilika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa hati yake juu ya umisionari Desemba 1965, miezi mitano kabla ya barua ya Donovan. Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misioni mikononi mwa serikali. Misioni zilizosimamia shule peke yake zikajikuta zinajiuliza kazi yao ni ipi. Donovan alikuwa ameshajiuliza.

Aliondoka Tanzania mwaka 1973. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chake juu ya Ukristo uliogunduliwa upya, ambacho mpaka leo husomwa katika seminari na vyuo vya teolojia vya Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri. Baadaye alihudumu kama padre mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Duquesne kwao Pennsylvania, akaandika kitabu kingine mwaka 1989, akafariki mwaka 2000.

Hatukubaliani naye kwa yote. Anapozisimulia shule na hospitali kama vizuizi, tunawakumbuka akina mama waliojifungua salama Wasso na Endulen, na tunakumbuka Mathayo 25, ambako mgonjwa aliyetembelewa ni Kristo mwenyewe. Mtu aliyezaliwa mahali penye hospitali anaweza kuisahau haraka. Tena, yeye alitaka kufuata njia ya Paulo hadi mwisho wake: kubatiza, kuweka wazee, kuondoka. Aliondoka kweli, lakini wazee wa kuadhimisha Ekaristi hawakuwekwa. Alitumaini Kanisa lingeruhusu wazee wa mabomani, wenye wake na watoto, wapewe daraja wawahudumie watu wao. Halikuruhusu, na si mahali petu kuamua ambalo Kanisa halijaamua. Wapo wanaosema kwamba jumuiya alizoziacha zilipata njaa ya sakramenti kwa sababu yake. Wengine wanasema ni kwa sababu sisi hatukwenda.

Frateri anayetumwa huko kwa mwaka wa kichungaji atapanda kutoka Karatu, atapita lango la Lodoare, atazunguka ukingo wa kreta na kushuka kwenye vumbi la nyanda. Jumapili atakuta watu wamekusanyika, katekista anaongoza ibada ya Neno bila padre, na mtu atamuuliza padre anakuja lini.